Wembe wa Kukunja Ukilegea: Usikimbilie Msumari wala Gundi

Baada ya somo la kisu cha kubebeshea miche ya miembe na parachichi, wengi mliuliza swali moja: kisu cha kukunja kikianza kucheza kwenye pini yake, kinakazwaje? Wachache kati yenu hamkuuliza habari za kisu. Mliuliza habari za wembe wa zamani wa kukunja, ule wa babu, unaojikunja kuingia kwenye mpini wake kama mguu wa panzi. Leo nitajibu kupitia wembe huo, kwa sababu anayeweza kukaza wembe ataweza kukaza kisu chochote cha kukunja.

Utasema, Bwana Shamba ameingiaje kwenye zana za vinyozi? Sehemu kubwa ya kazi yangu vijijini ni zana. Mkulima ambaye jembe lake linachomoka mpini halimi ekari yake kwa wakati. Mfugaji ambaye kisu chake kinajifunga mkononi anajikata yeye kabla hajamhasi mtoto wa nguruwe. Watu wakishaona unajua kukaza kitu kimoja, wanakuletea kila kilicholegea nyumbani.

Ujue wembe wako kwanza

Wembe wa kukunja una sehemu nne. Ya kwanza ni bamba, lenye makali upande mmoja na mgongo mnene upande wa pili. Ya pili ni shina, ile sehemu nene isiyo na makali ambapo kidole hukaa wakati wa kunyoa; shina hili lina tundu. Ya tatu ni mpini, ambao si kipande kimoja bali ni vibao viwili vyembamba vinavyoukumbatia wembe kutoka pande mbili. Ya nne ni pini. Pini moja hupita kwenye tundu la shina, na hiyo ndiyo bawaba ya wembe. Nyingine iko mwisho wa pili wa mpini, imeshika kabari ndogo inayotenganisha vibao. Baadhi ya nyembe zina pini ya tatu katikati.

Angalia vizuri vichwa vya pini hizo. Hakuna skrubu wala nati. Kila pini ni kipande cha waya mnene kilichopitishwa kwenye washa ndogo, kisha ncha zake zikagongwa polepole mpaka zikatanuka na kuwa kichwa. Vichwa hivyo viwili ndivyo vinavyobana kila kitu. Ukilielewa hilo, umeelewa nusu ya kazi.

Nyingi ya nyembe hizi zilitengenezwa katika miji miwili iliyosifika kwa visu: Sheffield kule Uingereza na Solingen kule Ujerumani. Nchi yetu ya bara ilitawaliwa na Wajerumani mpaka Vita Kuu ya Kwanza, kisha Waingereza wakaingia, kwa hiyo usishangae ukikuta jina la mji wowote kati ya hiyo limegongwa kwenye shina. Wade & Butcher na Joseph Rodgers ni majina ya Sheffield; J. A. Henckels ni la Solingen. Mwaka 1904 Mmarekani King Camp Gillette alipata hataza ya wembe wenye bamba jembamba la kutupa, na tangu hapo wembe wa kukunja ukaanza kurudi nyuma. Ulio nao leo yawezekana umemzidi umri baba yako.

Kwa nini unalegea

Sababu ya kwanza ni kuvaa. Wembe umefunguliwa na kufungwa maelfu ya mara, na kila mara chuma kinasugua shaba. Sababu ya pili ni kutu. Mtu ananyoa, anafuta makali, anaacha maji kwenye bawaba. Maji hayo yanakaa ndani gizani yakila pini na tundu.

Sababu ya tatu wengi hawaifikirii, nayo ni msimu. Mipini mingi ya zamani ni ya pembe ya ng'ombe au nyati, na mingine ni ya mti. Vitu hivi hunywea wakati wa ukavu na kuvimba wakati wa unyevu. Ndiyo maana wembe uliokuwa imara Tanga unaweza kuanza kucheza ukifika Dodoma mwezi wa nane.

Hapa nakuomba uwe makini, kwa sababu tuna mazoea yetu. Jembe likilegea mpini tunaliloweka majini usiku kucha, mti unavimba, asubuhi tunalima. Usifanye hivyo kwa wembe. Jembe halidhuriki kwa kutu ya usiku mmoja, lakini makali ya wembe ni membamba mno, na usiku mmoja majini unatosha kuyatoboa vidoa ambavyo hakuna kinoo kitakachovifuta bila kula chuma kingi.

Kipimo cha vidole viwili

Kabla ya kushika nyundo, jua ugonjwa. Funika makali kwa tepu ya umeme au kipande cha boksi ulichokikunja. Fungua wembe nusu. Shika bamba kwa mkono mmoja na mpini kwa mwingine, ulisukume kushoto na kulia. Linacheza. Sasa bana vibao viwili kwa kidole gumba na cha shahada, karibu kabisa na pini ya bawaba, halafu usukume tena.

Ukibana na mchezo ukaisha, pini yako ni nzima ila vichwa vyake vimeachia kidogo. Hiyo ni kazi ya kugonga tu. Ukibana na bamba bado linacheza, basi pini imelika au tundu la shina limepanuka. Kugonga hakutasaidia, pini lazima ibadilishwe. Na ukiona ufa kwenye kibao unaoanzia kwenye tundu la pini, acha. Ukigonga hapo kibao kitapasuka vipande viwili.

Angalia pia pini ya mwisho, ile ya kabari. Ikiachia, vibao hupanuka kama mdomo na wembe unaonekana umelegea kwenye bawaba, kumbe tatizo liko nyuma.

Mzee na wembe wake

Nitakueleza kisa kimoja ili uone kwa nini nasisitiza upimaji. Katika kata ninayofanyia kazi yuko mzee ambaye ujanani alikuwa kinyozi kwenye mashamba ya mkonge Tanga. Siku moja alikuja ofisini na kitu kimefungwa kwenye leso.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Bwana Shamba. Nimekuletea mgonjwa."

Ulikuwa wembe wa Sheffield, mpini wa pembe nyeusi, bamba limepungua kwa kunolewa miaka mingi lakini bado limenyooka. Macho ya mzee sasa hayaoni vizuri, na mjukuu wake, ambaye amefungua saluni pale senta, ndiye anayemnyoa ndevu kila Ijumaa kwa wembe wa kutupa. Mzee alitaka anyolewe kwa wembe wake. Kijana alikataa. Alisema, "Babu, hiki kitu kinacheza, na mimi nakishika shingoni mwako." Mzee aliona ni dharau, wakanuniana wiki mbili.

Mtoto wa mzee, fundi pikipiki, alikuwa na suluhisho lake: kuchomelea pini kwa weldi. Alikuwa tayari na mashine.

Nilimwambia mzee ukweli kwamba mjukuu wake yuko sawa. Unaponyoa, bamba hulazwa likikaribia ngozi, mgongo ukiwa umeinuka kidogo tu. Bawaba ikicheza, pembe hiyo hubadilika bila mkono wako kutaka. Kwenye shavu utapata mchubuko. Kwenye koo sitaki hata kuandika. Na wakati wa kufunga, bamba lililopinda kidogo hugonga kibao. Makali yanamegeka, na wembe uliomegeka hukwangua badala ya kunyoa.

Kuhusu weldi, nilimwomba fundi aizime. Chuma cha wembe kilipewa ugumu wake kwa joto lililopimwa kiwandani. Joto la weldi likitembea kutoka kwenye shina hadi kwenye bamba, chuma kinageuka rangi, kinakuwa cha bluu, na ugumu umekwisha. Hapo unaweza kunoa kutwa nzima, makali hayatakaa. Pembe nayo ingeungua na kunuka ofisi nzima.

Tulipima kwa vidole viwili. Mchezo haukuisha. Tulipoitoa pini tukakuta si ya kiwandani: ni msumari uliokatwa, umeliwa na kutu katikati mpaka umekuwa mwembamba kama kiuno cha nyigu. Mzee akacheka. Msumari ule aliuweka fundi mmoja wa kambini miaka hiyo.

Kabla ya kuendelea nilimwekea sharti: tukikuta ufa kwenye bamba, wembe unarudi kwenye leso na haugusi ngozi ya mtu tena. Alinyamaza kidogo, akakubali. Tulilitazama bamba kwenye jua kwa kioo cha kukuzia, kisha tukapitisha pamba taratibu kuanzia mgongoni kuelekea kwenye makali, sehemu kwa sehemu. Pamba hunasa penye ufa au pengo. Haikunasa. Ndipo tukabadilisha pini, kwa namna nitakayokueleza hapa chini. Kijana alimnyoa Ijumaa iliyofuata, baada ya kuunoa upya na kuukagua mwenyewe mara tatu.

Jua mpini wako umetengenezwa na nini

Hatua hii usiiruke. Pembe na mti vinavumilia kazi hii ukienda taratibu. Mipini mingi ya karne iliyopita ni ya selulodi, plastiki ya mwanzo kabisa. Isugue kwa kidole gumba mpaka ipate joto, kisha inuse: mara nyingi hutoa harufu hafifu ya kafuri. Selulodi inashika moto haraka sana, kwa hiyo usiisogeze karibu na jiko, mshumaa wala sigara. Ikizeeka vibaya hutoa mvuke wenye asidi unaolipa bamba kutu hata kama umeliweka pakavu. Ukiona selulodi imeanza kupasuka vijimistari na bamba lina kutu pale pale panapogusana na mpini, tenganisha viwili hivyo.

Mpini mweupe unaweza kuwa mfupa, selulodi, au pembe ya ndovu. Biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mwaka 1989, na hapa Tanzania kumiliki nyara bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009. Ukiwa na shaka, usiuuze, usiutume kwa ndugu nje ya nchi. Kawaulize kwanza maofisa wa wanyamapori.

Kukaza pini iliyopo

Vifaa ni vichache: nyundo ndogo nyepesi yenye kichwa cha mviringo, kipande cha reli au fuawe yoyote yenye uso laini, tepu, na mafuta ya cherehani. Nyundo ya seremala ni nzito mno. Kama huna ndogo, mtafute sonara au fundi saa. Wao wanayo, na mkono wao umezoea kugonga kwa upole.

1. Safisha bawaba. Weka tone moja la mafuta ya cherehani, fungua na kufunga mara kadhaa, futa weusi unaotoka. Rudia mpaka mafuta yatoke safi.

2. Funika makali kwa tepu. Usifanye kazi hii makali yakiwa wazi hata kama una uzoefu.

3. Laza wembe juu ya fuawe, kichwa kimoja cha pini kikiwa chini. Kama chuma chako kina kishimo kidogo, kichwa cha chini kikae humo kisibapike.

4. Gonga kichwa cha juu kwa uzito wa nyundo yenyewe, ukiiachia kutoka kimo cha sentimita 2 au 3. Usigonge katikati. Zunguka ukingo wa pini kama unavyozungusha mshale wa saa, ili chuma kitanuke kuelekea nje na kukaa juu ya washa.

5. Baada ya kugonga mara tano hadi kumi, geuza upande wa pili, fanya vivyo hivyo. Kisha simama, pima.

Hatua ya tano ndiyo inayotenganisha fundi na mharibifu. Kukaza zaidi unaweza wakati wowote, lakini kulegeza kilichobanwa kupita kiasi ni shida, na kibao kikishapasuka hakirudi.

Utajuaje umefika? Fungua wembe nusu. Bamba likae pale ulipoliacha, lisianguke lenyewe, lakini kidole kimoja kiweze kulisogeza bila kulazimisha. Lisicheze kushoto wala kulia. Ukifunga, liingie katikati ya vibao bila kugusa upande wowote. Usiridhike na kukaza tu. Wembe uliokazwa huku umeegemea upande mmoja utakula mpini wake.

Kumbuka na msimu. Kama unakaza wakati wa kiangazi kikali, acha nafasi ndogo sana. Mvua zikija vibao vitavimba na kujibana vyenyewe. Ukikaza mpaka mwisho mwezi wa tisa, mwezi wa pili utasikia "ta!" na ufa umeingia.

Kubadilisha pini

Kazi hii inataka subira zaidi. Kata kichwa cha upande mmoja kwa tupa ndogo mpaka kilingane na washa, na washa itoke. Weka tepu kuzunguka ili tupa isichubue pembe. Kisha weka mpini juu ya kipande cha ubao chenye tundu, na usukume pini itoke kwa msumari uliosawazishwa ncha. Usiisukume kabla hujakata kichwa, maana kitapita na kibao.

Pini mpya iwe ya shaba ya njano. Unene wa kawaida ni kama milimita 1.6, na habari njema ni kwamba ufito wa shaba wanaotumia mafundi friji na rejeta kuchomelea hupatikana kwa unene huo. Pima kwanza tundu lako. Pini iingie bila kucheza na bila kulazimishwa. Kama tundu la shina limepanuka, fundi mzuri ataingiza kijibomba cha shaba ndani yake kisha apitishe pini humo.

Kati ya shina na kila kibao weka washa nyembamba ya shaba. Hiyo inazuia chuma kusaga pembe na inasaidia kuliweka bamba katikati. Weka washa za nje, kata pini ukiacha chini kidogo ya milimita 1 imechomoza kila upande, ilainishe ncha kwa tupa, kisha gonga kama nilivyoeleza. Ukiacha ndefu zaidi ya hapo, pini itapinda badala ya kutanuka.

Yasiyofaa

Msumari: ni mgumu kutanuka kwa kugonga kidogo, kwa hiyo utagonga kwa nguvu na kupasua mpini. Na utapata kutu, kama mzee alivyopata.

Supaglu: hutambaa kwenye bawaba na kuifunga kabisa. Mtu akilazimisha kufungua, bamba linaachia ghafla na vidole viko njiani.

Kubana kwa jiliwa au plaizi: inaonekana imekaza, lakini nguvu imeingia kwenye kibao, si kwenye pini. Baada ya siku mbili imerudi ilivyokuwa.

Baada ya kukaza

Futa wembe mpaka ukauke, na bawaba pia. Pitisha kipande cha kitambaa kati ya vibao. Uache wazi dakika chache kabla ya kuufunga. Tone la mafuta kwenye bawaba mara moja kwa mwezi linatosha. Uhifadhi mbali na bafu na mbali na watoto.

Na jambo la mwisho, ambalo nalisema kwa uzito kuliko yote. Wembe wa kukunja ni wa mtu mmoja. Virusi vya Ukimwi na vya homa ya ini aina B vinaweza kupita kwenye damu iliyobaki kwenye makali au kwenye bawaba, na mpini wa pembe hauwezi kuchemshwa ukabaki salama. Kijana yule wa saluni anautumia kwa babu yake tu. Wateja wake wengine wanapata wembe mpya uliofunguliwa mbele yao. Wala wembe wa mtu usiupeleke zizini kukatia kitovu cha ndama.

Kama mkono wako unatetemeka au macho yamechoka, peleka kwa sonara, mwonyeshe hatua hizi, na ukae pale pale akifanya. Mwambie agonge kidogo, apime, kisha agonge tena. Nakutakia kazi njema.